Gumegume

Babu alikuwa na sheria moja kuhusu bunduki yake: ikigoma kulia, usiiguse. Mtutu ubaki umeelekea chini, kwenye udongo wa chini ya mkorosho, nawe uhesabu hadi sitini. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Desemba, na shamba lilikuwa Pugu, upande ambao msitu wa hifadhi unakaribia nyumba za watu na ngedere hushuka kula mahindi kama walioalikwa.

"Hesabu, mke wangu," ananiambia bila kugeuza shingo. "Usiruke namba."

Nikifika ishirini, ngedere wameshatujua. Nikifika arobaini, wameshaondoka na mahindi yao. Nikifika sitini babu anafungua bunduki, anaitoa risasi kwa vidole viwili, anaigeuza kidogo, anairudisha na kukoki upya. Mara nyingi jaribio la pili lililia. Siku nyingine hata la tatu lilikataa, na tukarudi barazani kimya kimya, risasi mbovu zikiwa kwenye mfuko wa shati lake.

"Risasi iliyokataa siyo risasi iliyokufa," alinieleza siku moja nilipouliza kwa nini tusubiri. "Inaweza kuwa imechelewa tu. Ukiifungulia mlango wakati inakuja, itakukuta usoni."

Ilikuwa bunduki ndogo ya .22, ya leseni, ya kufukuzia wanyama waharibifu. Risasi yake ni nyembamba kuliko penseli. Aina hii haina kile kitone cha fataki kinachoonekana katikati ya kitako cha risasi kubwa. Baruti yake ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, imezungushwa humo kiwandani, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Kama baruti haikuenea vizuri na pini ikagonga mahali palipo patupu, utasikia "ta!" kavu, basi. Ndiyo maana babu aliigeuza: alikuwa anaipa pini sehemu nyingine ya kugonga. Wazungu waliunda risasi za namna hii Paris katika miaka ya 1840, na hii ya .22 tuliyokuwa nayo sisi ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Ni teknolojia nyepesi na ya bei nafuu, na udhaifu wake uko humohumo.

Lakini risasi hazikuwa mkosaji pekee. Jioni babu alitandika gazeti mezani, akaifungua bunduki vipande vipande, akasugua masizi kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Aliniruhusu kushika kurunzi. Alinionyesha ncha ya pini: badala ya kuwa na makali kidogo, ilikuwa imelika na kuwa duara kama kucha iliyokatwa vibaya. "Hii ndiyo mgonjwa wetu," alisema. Nami nilijua mgonjwa atapona, kwa sababu babu alikuwa fundi wa karakana ya reli mjini Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Vyuma vilimtii. Alitengeneza cherehani za mtaa mzima, pampu, kufuli, hata meno ya bandia ya mzee mmoja wa Gongo la Mboto.

Bunduki haikupona. Miaka ikapita, nikamaliza shule, nikaenda chuo kusoma historia, na kila nilipopita Pugu kumsalimia bado ilikuwa ileile: inalia leo, inagoma kesho. Swali la kwa nini fundi wa kiwango chake alishindwa na kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole lilinikaa kichwani. Nilianza kulitafutia jibu mahali nilipofundishwa kutafuta, yaani kwenye vitabu, na nikagundua kwamba bunduki mbovu zina historia ndefu katika nchi hii. Sehemu ya historia hiyo ilianzia palepale Pugu.

Mwaka 1888 Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni Pugu. Wakati huohuo pwani ilikuwa inachemka: kampuni ya Wajerumani ilikuwa imekodishiwa mwambao na Sultani wa Zanzibar, na watu wa Pangani, Bagamoyo na kwingineko wakakataa kutawaliwa nayo. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa upande wa Bushiri bin Salim waliishambulia misheni. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa na baadaye kukombolewa kwa fedha. Bushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo.

Wapiganaji hao walikuwa na bunduki, na hilo halikumshangaza mtu yeyote wakati ule. Biashara ya pembe na watumwa ilikuwa imejaza bunduki katika njia zote za misafara, kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha chakavu za majeshi ya Ulaya: kila jeshi kule lilipobadilisha bunduki, za zamani zilipakiwa melini na kuletwa huku kuuzwa. Hofu ya balozi ilikuwa nyingine. Aliona kwamba bunduki za kisasa, zile za kujaziwa risasi kwa nyuma, zimeanza kuja pamoja na zile chakavu, na kwamba mzungu atakayetaka kuitawala nchi hii atakuta wenyeji wana silaha sawa na yake.

Ulaya ilimsikia. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao tunaukumbuka, kama tunaukumbuka, kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo lote la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku, isipokuwa kwa serikali na kwa watu watakaopewa kibali. Pugu iko chini ya nyuzi 7 kusini, katikati kabisa ya eneo hilo. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa mwenyeji, tena kwa masharti, kilikuwa bunduki ya jiwe yenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara.

Niliposoma kifungu hicho maktaba niliweka kalamu chini. Bunduki ya jiwe ndiyo Waswahili waliyoiita gumegume. Unashindilia baruti kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, unashindilia risasi, unatia baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni, kisha unaomba Mungu jiwe likigonga chuma litoe cheche na cheche iangukie mahali pake. Upepo ukivuma, imegoma. Mvua ikinyesha, imegoma. Ulaya yenyewe ilikuwa imeiacha kitambo. Ubovu wa bunduki za babu zetu, basi, ulikuwa na sababu zaidi ya uzee na kutu. Uliandikwa kwenye mkataba, ukapigwa mihuri, na wajumbe wakarudi makwao.

Lugha yetu imeutunza ubovu huo. Leo ukimwambia mtu wa Dar neno gumegume, hafikirii bunduki. Anafikiria mwanaume asiyefaa, yule wa kuonekana yupo lakini siku ya kazi hayupo. Bibi yangu alilitumia neno hilo kwa wakwe wawili, ambao sitawataja.

Hata aliyeipata bunduki nzuri hakuwa salama. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo na kuchukua mamia ya bunduki za kisasa pamoja na mizinga. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilianguka hata hivyo. Bunduki ya kisasa ni mdomo unaotaka kulishwa risasi za kiwandani, na kiwanda kilikuwa kwa adui.

Nilipofika mwaka 1905 nilianza kuyasoma upya mambo niliyofundishwa sekondari. Sote tulifundishwa kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka kuwa maji, na kwamba watu waliamini. Mwalimu alipofika hapo, darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka. Vita vilianza mwishoni mwa Julai, Kinjeketile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na tarehe 30 Agosti watu wakaenda kifua wazi mbele ya bunduki za rasharasha za boma la Mahenge. Makadirio ya waliokufa hadi vita na njaa iliyofuata vilipoisha yanaanzia watu 75,000 na kupita 200,000.

Sasa fikiria mtu ambaye bunduki pekee aliyowahi kuishika ni gumegume. Katika maisha yake yote ameona jambo moja likirudiwa: maji huua bunduki. Tone moja kwenye kisahani cha baruti na chuma kile cha kutisha kinakuwa rungu. Akisikia kwamba kuna maji yenye nguvu kuliko ya mvua, yanayoweza kuifikia hata bunduki ya Mjerumani, je, hilo ni jambo la kuchekwa? Hii ni dhana yangu, na imani ya Maji Maji ilikuwa na mizizi mingine mingi, ya mizimu, ya mito, ya kilimo. Lakini nadhani ndani yake ilikuwamo pia akili ya fundi. Walikuwa wanakisia kuhusu mashine ngeni kwa kutumia mashine waliyoijua. Kosa lao lilikuwa kutofahamu kwamba bunduki waliyouziwa na bunduki waliyoelekezewa hazikuwa kitu kimoja. Na tofauti hiyo ilikuwa imefichwa makusudi, Brussels, miaka kumi na mitano kabla.

Halafu zamu ikageuka.

Vita Kuu ilipofika, Wajerumani wa hapa walizingirwa baharini na Waingereza. Nao sasa walikuwa na silaha za zamani na njaa ya risasi. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wao wengi Waafrika walipigana kwa bunduki za mfano wa 1871, ambazo kila zilipolia zilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali walipo. Walishinda hata hivyo, na kitu alichokisherehekea kamanda wao, Lettow-Vorbeck, kilikuwa mali iliyoachwa ufukweni: bunduki 455, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000.

Aprili 1915 meli ya shehena iitwayo Rubens, iliyojificha kwa jina na bendera ya Denmark, ilipenya hadi kaskazini ya Tanga ikiwa imebeba silaha za kuwaokoa. Manowari ya Kiingereza iliikuta na kuifukuza hadi ghuba ya Manza. Nahodha akaizamisha kwenye maji mafupi ili shehena isiteketee kwa moto. Wapiga mbizi walitoa sehemu kubwa ya mzigo, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, fataki zikaguliwe, kisha zifungwe upya. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na hata baada ya kazi yote hiyo risasi nyingi ziligoma zilipopigwa. Miaka kumi baada ya Kinjeketile, risasi za Mjerumani ziligeuzwa na maji. Sitasema mzee wa Ngarambe alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba niliposoma habari hiyo sikucheka.

Mwaka huohuo, Julai, manowari ya Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Mizinga yake kumi ilitolewa kwenye tope na kuburutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu ili itumike nchi kavu. Mmoja ulifungwa kwenye meli iliyounganishwa Kigoma, ile ambayo leo tunaiita Liemba. Reli ya kwenda Kigoma ilikuwa moja tu, nayo inapanda vilima vya Pugu. Mzinga ule ulipita hapa.

Habari ya mizinga hiyo nilikuwa nimeisikia zamani, kabla ya chuo, kwa babu. Vijana wa karakana walirithishana hadithi hiyo kutoka kwa wazee waliowatangulia, na babu aliisimulia kana kwamba naye alikuwapo, akipiga nyundo. Vitabu vinataja majina ya makamanda. Waliofungua risasi zilizolowa huko Manza, waliovuta mizinga Rufiji, waliochonga vyuma mjini Dar, wengi wao walikuwa Waafrika na majina yao hayakuandikwa. Nikiulizwa historia ya bunduki katika nchi hii ni ya nani, nitasema ni ya kina babu: watu waliopewa chombo kibovu na kuambiwa wakifanye kifanye kazi. Mabwana walipobadilika ikawa vilevile. Chini ya Mwingereza, mkulima Mwafrika kwa kawaida aliandikishiwa gobore la kushindilia ili alinde shamba lake, na raifali nzuri ikabaki kwa mzungu. Mafundi wa vijijini wakaendelea kuyaponya magobore hayo kwa kipande cha bomba na msumari, na wapo walioendelea hadi nyakati zetu, ingawa sheria inataka leseni kwa kazi hiyo na magobore yao mara nyingi huishia mikononi mwa majangili na waporaji.

Nilidhani hilo ndilo jibu langu. Babu alishindwa kwa sababu ameingia mwishoni mwa foleni ndefu ya watu walioshindwa. Niliandika hivyo kwenye daftari, nikapigia mstari.

Babu alifariki miaka michache iliyopita. Baada ya arobaini tulikaa kikao cha familia barazani, na ajenda ya mwisho ikawa bunduki. Baba mkubwa alitaka ibaki. "Vibaka wamekuwa wengi Pugu," alisema. "Kuna fundi namjua, anaitengeneza siku moja." Nilimweleza kwamba leseni ilikuwa ya marehemu na imekufa naye, kwamba silaha inapaswa kukabidhiwa polisi. Akaniangalia kama mtu anayeangalia shahada ya chuo kikuu ikiongea. Bibi hakusema kitu. Alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti.

"Mpe mjukuu afungue."

Ndani kulikuwa na mswaki, kitambaa, leseni iliyochakaa, na kifurushi kidogo cha karatasi yenye mafuta. Nilikifungua. Ilikuwa pini mpya. Ncha yake ilikuwa kali, haijawahi kugonga kitu.

"Alikuwa nayo?" baba mkubwa aliuliza.

"Tangu huyu yuko darasa la tano," bibi alisema, akininyooshea kidole.

Kisha akatueleza. Usiku mmoja, mwaka ambao pini iliagizwa, kuku walipiga kelele. Babu alitoka na bunduki. Kulikuwa na mtu bandani, babu akapaza sauti, mtu akasimama wima na kitu mkononi. Babu akavuta triga. "Ta!" Yule mtu akadondosha alichokishika, kikawa kuku, akaanza kulia kwa sauti ya kitoto. Alikuwa mtoto wa jirani, wa miaka kumi na minne. Babu hakumsogelea. Alielekeza mtutu chini, akasimama palepale, na bibi alimsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alipofika sitini mtoto alikuwa ameshakimbia.

Pini ilifika wiki iliyofuata. Babu aliitazama, akaifunga kwenye karatasi yake, akamwambia bibi aiweke mahali asipopaona.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Jina lake silitaji, na bibi anasema hakuwahi kuambiwa ni nini hasa kilichotokea. Alidhani babu hakutaka tu kupiga. Siku ya mazishi alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Nakumbuka alivua shati, akachimba bila kupumzika hadi mwisho.

Baba mkubwa alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Haya, ipelekeni."

Tulikwenda kituoni mimi na bibi siku ya Jumatatu, bunduki ikiwa imefungwa kwenye kanga. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye heshima. Alimpa bibi shikamoo na kiti, akasoma leseni, akalinganisha namba, akaandika kwenye kitabu chake. Kisha akaishika bunduki, akaihakikisha kwamba ni tupu, akaniuliza kwa ajili ya fomu:

"Inafanya kazi?"

Nilimtazama bibi. Pini mpya ilikuwa kwenye mkoba wake, bado ndani ya karatasi ile. Akaitoa, akaiweka mezani kando ya bunduki.

"Andika mbovu," alisema. "Mwenyewe alitaka iwe hivyo."